Mashimo meusi: Dhana nane potovu na ukweli kuhusu uvutano wake

MSOMAJI aliye Mikinduri, katika eneo la Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, ana bahati ambayo wakazi wa Ulaya hawana. Kwa kuwa mji huo uko karibu mno na mstari wa ikweta, takriban nyota zote za kaskazini na za kusini huonekana kutoka hapo katika kipindi cha mwaka mmoja. Mwezi wa Agosti, mwendo wa saa tatu usiku, mbingu zikiwa safi juu ya milima ya Nyambene, anaweza kuelekeza kidole kusini, juu sana, kwenye kundinyota la Kausi. Kisha akageuka na kukielekeza kaskazini, kwenye kundinyota la Dajaja. Mara zote mbili atakuwa amekielekeza kwenye shimo jeusi, ijapokuwa jicho lake halitaliona.

Mashimo hayo mawili ni miongoni mwa yaliyochunguzwa zaidi na wanasayansi. Hata hivyo, ni mambo machache ya elimu ya falaki ambayo yamezungukwa na uvumi kama haya. Filamu na masimulizi ya mitaani huyachora kama majinamizi yanayozurura angani yakinyonya nyota, sayari na chochote kinachopita karibu. Watoto huogopa, na watu wazima huuliza iwapo Dunia itamezwa.

Katika makala haya tunaeleza shimo jeusi ni kitu gani, jinsi nchi ya Kenya ilivyohusika katika kugunduliwa kwake, na dhana nane potovu zinazosikika mara kwa mara kuhusu uvutano wake.

Setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini katika ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa hilo liliendeshwa na Waitaliano, nayo setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Kwa heshima ya nchi mwenyeji na ya siku hiyo, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Pwani ya Kenya haikuchaguliwa kwa bahati tu. Ikweta ndiyo sehemu ya Dunia inayozunguka kwa kasi kubwa zaidi, kwa hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo husaidiwa na mzunguko wa Dunia wenyewe. Isitoshe, roketi ikirushwa kutoka hapo ni rahisi kuifikisha setilaiti kwenye njia inayopita juu ya ikweta.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei kutoka angani. Miale hii, ambayo hospitalini hutumiwa kupiga picha za mifupa, huzuiwa na angahewa ya Dunia, na hivyo haiwezi kuchunguzwa kutoka ardhini. Setilaiti hiyo ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kundi la wanasayansi wa mradi huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa mchango wake katika elimu hii.

Kati ya vyanzo hivyo, kimoja kilichoitwa Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja, kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1964 kwa vifaa vilivyopandishwa na roketi. Uhuru ilionyesha kwamba miale ya Cygnus X-1 ilikuwa ikipepesa mara kadhaa katika sekunde moja. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kinachoipita kwa kasi. Kitu kinachobadilika chote kwa pamoja katika sehemu moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana unaozidi sana kilomita 30,000. Kwa nyota, huo ni udogo wa kushangaza. Jua letu lina upana wa kilomita milioni 1.4.

Kabla ya mwaka 1972 kupita, Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, walikuwa wameeleza kwamba mahali hapo pana nyota kubwa ya buluu inayozunguka pamoja na mwenzi asiyeonekana, na kwamba mzunguko mmoja huchukua siku 5.6. Mwenzi huyo alikuwa mzito kupita kiasi, mdogo kupita kiasi, na bila nuru yake mwenyewe. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaonyesha kwamba ana tungamo la takriban majua 21 na yuko umbali wa karibu miaka 7,200 ya nuru kutoka kwetu.

Hata wataalamu walisita. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne, Hawking akishikilia kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali kwamba ameshindwa.

Shimo jeusi ni nini hasa?

Jiwe likirushwa juu hurudi chini. Likirushwa kwa nguvu zaidi hupanda juu zaidi, lakini bado hurudi. Ili lisirudi kamwe, tukiweka kando ukinzani wa hewa, ni lazima liondoke juu ya uso wa Dunia kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 40,000 kwa saa. Magari ya miraa yatokayo Nyambene kuelekea Nairobi, licha ya sifa zake za mwendo, yako mbali sana na kasi hiyo.

Kasi hii ya kuponyoka hutegemea mambo mawili tu. La kwanza ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. La pili ni umbali kutoka kitovu cha kitu hicho. Tungamo likiongezeka, kasi inayohitajika huongezeka. Umbali ukipungua, vilevile huongezeka. Mwaka 1783 kasisi mmoja Mwingereza, John Michell, alijiuliza: je, ikiwa nyota ni kubwa kiasi kwamba kasi ya kuponyoka inazidi kasi ya nuru? Alihitimisha kwamba nyota kama hiyo haingeonekana.

Albert Einstein alipotangaza nadharia yake mpya ya uvutano mwaka 1915, swali hilo lilipata msingi madhubuti. Mapema mwaka 1916 Mjerumani Karl Schwarzschild alichapisha hesabu inayoonyesha kwamba tungamo lolote likibanwa vya kutosha, huzungukwa na mpaka ambao kikishavukwa hakuna kinachorudi, hata nuru. Tungamo lote la Jua lingebanwa hadi mpaka huo uwe kilomita 3 tu kutoka kitovuni. Upana wake wote ungekuwa kilomita 6, mdogo hata kuliko urefu wa safu ya Nyambene. Dunia yetu nayo ingebanwa hadi ikawa na upana wa milimita 18 hivi, karibu sawa na gololi ya kuchezea watoto.

Tukilikumbuka jambo hilo moja, yaani kwamba shimo jeusi ni tungamo la kawaida lililobanwa mahali padogo mno, dhana potovu zifuatazo hutatulika bila taabu.

Dhana ya kwanza: Ni tobo angani

Jina lenyewe limepotosha wengi. Msemo huo ulienea baada ya mwanafizikia Mmarekani John Wheeler kuutumia hadharani mwaka 1967. Ukisikia "shimo", akili hupata picha ya kisima au handaki lenye mdomo juu na upenyo chini.

Shimo jeusi halina mdomo. Ni umbo la mviringo kama mpira, na linaweza kukaribiwa kutoka upande wowote. Wala si mahali patupu, bali ni mahali ambapo maada nyingi imekusanyika kupita mahali pengine popote. Mpaka wake nao si ukuta wala ngozi. Anayeuvuka hagongi chochote. Huo ni mstari wa hesabu tu, kama ikweta inavyopita Meru bila kuonekana ardhini, ila tofauti ni kwamba mstari huu huvukwa upande mmoja tu.

Dhana ya pili: Hunyonya kila kitu kilicho karibu

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli.

Tuchukulie kwamba leo usiku Jua linaondolewa na mahali pake panawekwa shimo jeusi lenye tungamo lile lile. Je, Dunia itavutwa ndani? La. Itaendelea kuzunguka kwenye njia ile ile, kwa siku 365 na robo, kwa sababu tungamo halikubadilika na umbali wa kilomita milioni 150 haukubadilika. Tungekufa kwa baridi na giza, lakini si kwa kumezwa.

Tofauti hujitokeza karibu tu. Uvutano hufuata kanuni rahisi: ukikaribia kitovu mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, ukikaribia mara 100, huongezeka mara 10,000. Kwa Jua la kawaida, huwezi kukaribia kitovu chake kwa zaidi ya takriban kilomita 700,000 bila kuingia ndani ya mwili wa Jua lenyewe. Ukiwa ndani, maada iliyo nje yako haikuvuti tena kuelekea kitovuni. Lakini tungamo lile lile likiwa limebanwa ndani ya kilomita 3, unaweza kulikaribia zaidi na zaidi, nalo lote likabaki mbele yako likikuvuta. Nguvu ya kutisha ya shimo jeusi yatokana na udogo wake, wala si uchu wa kumeza.

Hata huko karibu, kuna nafasi ya usalama kuliko inavyodhaniwa. Kwa shimo jeusi lisilojizungusha, chombo kinaweza kulizunguka bila kuanguka mradi kiko mbali na kitovu zaidi ya mara tatu ya umbali wa mpaka. Kwa shimo lenye tungamo la Jua, hiyo ni kilomita 9 tu.

Cygnus X-1 yenyewe ni shahidi. Nyota ya buluu inayozunguka nayo iko umbali wa takriban robo ya umbali ulioko kati ya Dunia na Jua. Kwa vipimo vya anga, hao ni majirani wanaotazamana dirishani. Hata hivyo nyota hiyo haijamezwa. Linachopata shimo hilo ni sehemu ya gesi inayopeperushwa na upepo wa nyota hiyo. Gesi hiyo haiporomoki moja kwa moja. Huzunguka na kuzunguka, ikisuguana na kupata joto la mamilioni ya nyuzi, hadi itoe miale ya eksirei. Miale iliyonaswa na Uhuru haikutoka ndani ya shimo. Ilitoka kwenye gesi iliyokuwa bado nje.

Ndivyo ilivyo pia katika kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe. Hapo, upande wa kundinyota la Kausi, umbali wa takriban miaka 27,000 ya nuru, pana shimo jeusi liitwalo Sagittarius A*, lenye tungamo la majua milioni 4 hivi. Idadi hiyo ni kubwa, lakini nyota za galaksi hii huhesabiwa kwa mabilioni ya makumi mengi. Tungamo la shimo hilo halifiki hata sehemu moja katika 10,000 ya tungamo la nyota zote. Nyota haziizunguki galaksi kwa kuwa shimo limezishika. Huzunguka kwa uvutano wa galaksi nzima. Shimo hilo haliwezi kuimeza galaksi, sawa na vile Jua halijaimeza Dunia kwa miaka zaidi ya bilioni nne.

Dhana ya tatu: Uvutano wake ni wa aina nyingine

Wasomaji makini huuliza swali zuri: ikiwa hakuna kinachotoka ndani ya shimo jeusi, uvutano wenyewe hutokaje hadi ukaishika nyota iliyo nje?

Jibu ni kwamba uvutano si kitu kinachotumwa kila mara kutoka ndani, kama moshi utokao jikoni. Kwa mujibu wa Einstein, tungamo hupinda nafasi na wakati vinavyolizunguka, na vitu hufuata mpindo huo. Nyota iliyoporomoka na kuwa shimo jeusi ilikuwa na mpindo wake hata kabla ya kuporomoka. Mpindo wa nje ulibaki pale pale. Hakuna kinachohitaji kutoka.

Kwamba uvutano hupinda njia ya nuru si jambo la kubuni. Tarehe 29 Mei 1919, wakati wa kupatwa kwa Jua, Mwingereza Arthur Eddington na wenzake walipiga picha za nyota zilizo karibu na Jua wakiwa katika kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, huku kundi jingine likiwa Sobral nchini Brazili. Nyota hizo zilionekana kuhama kidogo kutoka mahali pake pa kawaida, kwa kuwa nuru yake ilipindwa na Jua. Jua hupinda nuru kidogo tu. Shimo jeusi hufanya hivyo kupita kiasi. Kanuni ni ile ile moja, na ndiyo inayoangusha embe kutoka mtini.

Dhana ya nne: Halionekani, kwa hivyo ni kisio tu

Upepo hauonekani, lakini mwenye shamba huona migomba ikiinama. Mashimo meusi hujulikana kwa njia hiyo hiyo, na ushahidi umekuja kutoka pande nne tofauti.

Wa kwanza ni ule wa miale ya eksirei, ulioanza na Uhuru. Wa pili ni mwendo wa nyota. Makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Reinhard Genzel na jingine na Andrea Ghez, yalifuatilia kwa miongo kadhaa nyota zilizo karibu na kitovu cha galaksi yetu. Nyota moja, S2, hukamilisha mzunguko wake kwa takriban miaka 16 na hupita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde ikiwa karibu kabisa na kitu kisichoonekana. Mwaka 2020 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Roger Penrose, ambaye mwaka 1965 alionyesha kwa hesabu kwamba mashimo meusi ni tokeo la lazima la nadharia ya Einstein.

Ushahidi wa tatu ni mawimbi ya uvutano. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO nchini Marekani ilinasa mtikisiko mdogo mno wa nafasi yenyewe, uliosababishwa na mashimo meusi mawili, yenye tungamo la takriban majua 36 na 29, yaliyogongana na kuungana umbali wa miaka zaidi ya bilioni moja ya nuru.

Wa nne ni picha. Tarehe 10 Aprili 2019 ulimwengu ulionyeshwa pete ya mwanga yenye weusi katikati: kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87, lenye tungamo la majua bilioni 6.5. Picha hiyo ilitengenezwa kwa kuunganisha darubini za redio zilizotawanyika katika mabara kadhaa. Tarehe 12 Mei 2022 ikafuata picha ya Sagittarius A*. Kinachong'aa katika picha hizo ni gesi iliyo nje ya mpaka. Weusi ndio ushahidi.

Dhana ya tano: Jua letu litageuka shimo jeusi

Halitageuka. Nyota husimama imara kwa sababu joto la ndani husukuma nje wakati uvutano unapovuta ndani. Fueli ikiisha, uvutano hushinda. Kitakachofuata hutegemea tungamo la nyota.

Jua, baada ya takriban miaka bilioni 5, litavimba na kuwa jekundu, kisha litapukutisha tabaka zake za nje na kubaki kiini kidogo cha moto, kiitwacho nyota kibete nyeupe, kitakachopoa polepole. Nyota zenye tungamo zaidi ya mara nane hivi ya Jua hulipuka na kwa kawaida huacha nyota za nyutroni, zenye upana wa kilomita 20 au zaidi kidogo. Ni zile kubwa zaidi, aghalabu zenye tungamo la majua 20 na kuendelea, ambazo huweza kuporomoka hadi kuwa mashimo meusi. Jua letu haliko kabisa katika kundi hilo.

Dhana ya sita: Kila shimo jeusi humrarua mtu mpakani

Wakazi wa Malindi na Lamu huijua kazi ya Mwezi: bahari hujaa na kupwa kwa sababu Mwezi huuvuta upande wa Dunia unaouelekea kwa nguvu kidogo zaidi kuliko upande wa pili. Tofauti hiyo ya mvuto ndiyo hatari karibu na shimo jeusi. Miguu ya mtu anayeanguka ikivutwa sana kuliko kichwa, mwili hunyooshwa hadi ukatike.

Lakini ukali wa tofauti hiyo hutegemea ukubwa wa shimo, na kinyume cha mategemeo, mashimo madogo ndiyo makali. Shimo lenye tungamo la majua 10 lina mpaka wa kilomita 30 kutoka kitovuni, na mtu angeraruka kabla ya kuufikia. Mpaka wa Sagittarius A* uko kilomita milioni 12 hivi kutoka kitovuni, na huko tofauti ya mvuto kati ya kichwa na miguu ni ndogo kiasi kwamba mtu angeweza kuuvuka bila kuhisi kitu. Angeangamia baadaye, ndani, kwa kuwa hakuna njia ya kurudi.

Dhana ya saba: Wakati husimama huko

Ni kweli kwamba uvutano hupunguza mwendo wa saa, na jambo hili halihitaji kusafiri mbali. Setilaiti zinazoziwezesha simu kujua zilipo zina saa ambazo, kwa kuwa ziko mbali na ardhi ambako uvutano ni dhaifu, huenda mbele kwa sehemu 45 za milioni ya sekunde kila siku. Mwendo wa setilaiti hizo huzirudisha nyuma kwa sehemu 7. Wahandisi hulazimika kusahihisha tofauti inayobaki ya sehemu 38, la sivyo ramani za simu zingekosea kwa kilomita kadhaa kwa siku.

Karibu na shimo jeusi tofauti hiyo hukua mno. Anayetazama kutoka mbali huona mwenzake anayeanguka akienda polepole zaidi na zaidi, na nuru yake ikififia, kana kwamba amegandishwa mpakani. Lakini kwa yule anayeanguka, saa yake hupiga kama kawaida na safari haikomi. Wakati haujasimama; watu wawili walio mahali tofauti wanaupima tofauti.

Dhana ya nane: Mashine ya Geneva ingeimeza Dunia

Mnamo Septemba 2008 hofu ilitanda katika nchi nyingi wakati mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe za atomu, uliojengwa ndani ya handaki la duara lenye mzingo wa kilomita 27 kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ulipowashwa kwa mara ya kwanza tarehe 10. Ilidaiwa kwamba ungezalisha shimo jeusi dogo ambalo lingekua na kuimeza Dunia.

Mtambo huo umefanya kazi kwa miaka mingi tangu hapo, na hata ukasaidia kugundua chembe ya Higgs mwaka 2012. Sababu ya kutoogopa ilijulikana mapema. Kwanza, Dunia na Mwezi hugongwa kila siku na chembe kutoka angani, nyingine zikiwa na nishati kubwa kuliko zote zinazotengenezwa na mtambo huo, na hilo limeendelea kwa mabilioni ya miaka. Pili, na hapa turudi kwenye kanuni yetu, uvutano hutokana na tungamo. Shimo jeusi lenye tungamo la chembe chache lina uvutano wa chembe chache, usioweza kuvuta hata punje ya vumbi. Isitoshe, hesabu aliyoitoa Hawking mwaka 1974 inaonyesha kwamba mashimo meusi hupoteza nishati polepole, na yaliyo madogo mno yangetoweka papo hapo. Mnururisho huo bado haujapimwa angani, lakini hata bila huo, hoja mbili za kwanza zinatosha.

Kanuni ya kukumbuka

Anayesikia habari yoyote kuhusu shimo jeusi na ajiulize maswali mawili tu: lina tungamo kiasi gani, na liko mbali kiasi gani? Kati ya mashimo meusi yaliyothibitishwa, lililo karibu zaidi nasi, liitwalo Gaia BH1 na lililotangazwa mwaka 2022, lina tungamo la majua 10 hivi na liko umbali wa karibu miaka 1,560 ya nuru. Kwa umbali huo uvutano wake kwetu ni hafifu kabisa ukilinganishwa na wa Mwezi, na nyota inayolizunguka inaendelea na safari zake kwa amani.

Maswali hayo mawili yanafaa pia darasani. Mwanafunzi wa Mikinduri anayeelewa kwa nini Dunia haingeanguka kwenye Jua lililogeuka shimo jeusi ameelewa uvutano wote: wa jiwe, wa Mwezi na wa galaksi. Na anapofunzwa jinsi binadamu alivyoanza kuamini kwamba mashimo hayo yapo, ni haki aambiwe pia kwamba sehemu ya habari hiyo ilianzia katika bahari ya nchi yake, siku ya Jamhuri, kwa chombo chenye uzito wa takriban kilo 140 kilichobeba neno la lugha yake. Katika vitabu vya falaki vya mataifa yote, Uhuru ni jina la setilaiti iliyowafungulia wanasayansi njia ya kulijua shimo jeusi.